Meza ya serikali au meza ya wadau? Ukipewa mada ya mawasiliano ya dunia kwenye mdahalo, soma hii kabla hujachagua upande

Msimu wa midahalo vyuoni umeanza tena huku Nyanda za Juu Kusini, na mada inayozunguka kwenye magrupu ya Mbeya na Iringa ni ileile imebadilishwa nguo tu: mawasiliano ya dunia, yaani habari, redio, satelaiti, intaneti na vyote, yasimamiwe na serikali zikiwa zimekaa Umoja wa Mataifa, au yaachiwe wadau wote kwa pamoja, kampuni, mafundi, wanaharakati, watu wa vyuo, na serikali iwe mmoja wao tu. Madogo wengi wanachagua upande kwa kusikiliza jina. Wakisikia "uhuru" wanakimbilia huko, wakisikia "haki kwa nchi maskini" wanapiga makofi wanakaa huku, alafu wakifika mbele ya majaji wanaulizwa swali moja tu la mwaka 1984 wanabaki kumeza mate.

Kwahiyo nawawekea pande zote mbili ubavu kwa ubavu, na mwishoni nitasema mimi ningekaa wapi, siwaachi njia panda. Upande wa kwanza nauita meza ya serikali, wa pili meza ya wadau. Kamwene kwa wa Iringa, ugonile kwa wa Tukuyu, tuanze.

Meza ya serikali ni ya zamani sana. ITU, shirika linalogawa masafa ya redio na nafasi za satelaiti angani, lilizaliwa Paris 1865 enzi za telegrafu, yaani kabla hata ya Mkutano wa Berlin. Kuna UNESCO pia, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, na kuna Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Sheria yake ni rahisi, nchi moja kura moja, Tanzania inanyoosha bango sawasawa na Marekani. Kampuni zinaruhusiwa kuingia ITU kama wanachama wa vitengo vyake, zinachangia hela na utaalamu, ila mkataba ukifika wa kupigiwa kura zinakaa pembeni.

Meza ya wadau ni ya juzijuzi. ICANN ilisajiliwa California 1998, ndo inaratibu majina ya mtandao, .com na .tz na mengine yote. Huko serikali zina kamati yao, lakini kamati inashauri tu, uamuzi ni wa bodi. Alafu kuna lile jukwaa la utawala wa intaneti, IGF, lilianza Athens 2006, likaja Nairobi 2011 na Addis Ababa 2022. Halina kura wala mkataba. Watu wanakutana, wanabishana, wanapeana namba, wanarudi kwao. Wengine wanaona ni kupoteza nauli, mimi sioni hivyo, ila jaji akikuuliza "limeamua nini toka lianze" usianze kutunga, sema ukweli kwamba halikuundwa kuamua.

Sasa twende kwenye ugomvi wenyewe. Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, manake nusu ya hoja zote za mdahalo zinatoka UNESCO ya miaka ya 70 na 80.

Malalamiko yalianzia kwa nchi zisizofungamana na upande wowote, ambazo na sisi tulikuwemo. Walisema hivi, habari za dunia nzima zinapita kwenye mikono ya mashirika machache, AP na UPI ya Marekani, Reuters ya Uingereza, AFP ya Ufaransa, na wao ndo wanaamua Afrika itaonekanaje. Mtu wa Lusaka anasoma habari za Dar zilizoandikwa na kuhaririwa London, na akizisoma anakuta njaa, mapinduzi na mafuriko, basi. Mtunisia mmoja, Mustapha Masmoudi, ndo aliipanga hiyo hoja vizuri kuliko wengi, na kutoka hapo likazaliwa dai la mpangilio mpya wa habari na mawasiliano duniani. Hoja hii ilikuwa ya kweli na bado ni ya kweli, asije mtu akakudanganya kwamba ilikuwa porojo za Warusi.

Ila Warusi walikuwepo, hilo nalo useme. Mkutano Mkuu wa UNESCO wa 1976 ulifanyika Nairobi, na mezani kulikuwa na rasimu iliyotokana na pendekezo la Wasovieti, inayoipa dola wajibu juu ya vyombo vya habari vya nchi yake. Wamagharibi wakaja juu. Mkurugenzi Mkuu alikuwa Amadou-Mahtar M'Bow wa Senegal, na kilichofanyika ni kile ambacho kila kikao cha ukoo kinafanya kikishindwa kuelewana, jambo likasogezwa mbele na ikaundwa tume. Tume ya watu 16, mwenyekiti Seán MacBride wa Ireland mwenye Nobeli ya Amani ya 1974, ndani yake yumo Masmoudi mwenyewe, yumo Gabriel García Márquez mwandishi wa Kolombia, yumo Hubert Beuve-Méry mwanzilishi wa gazeti la Le Monde, yumo Sergei Losev wa shirika la habari la Kisovieti TASS, yumo Mmarekani Elie Abel. Afrika ilikuwa na Wanigeria, Wazaire, Wamisri na Watunisia, mmojammoja. Mtanzania hakuwepo.

Katikati ya kazi ya tume, 1978, UNESCO ikapitisha Azimio la Vyombo vya Habari kwa sauti moja, bila kupiga kura, baada ya maneno kulainishwa sana. Ripoti ya MacBride ikapelekwa Belgrade 1980, na mapendekezo 82. Hapa sasa sikiliza vizuri kwa sababu ndo pana silaha: watu wanaisema hiyo ripoti kama vile ilitaka waandishi wawekewe leseni na serikali. Hapana. Tume ilikataa kupendekeza leseni kwa waandishi, na ikapinga udhibiti wa habari. Kwahiyo ukiwa upande wa serikali na mwenzako akasema "MacBride alitaka kuwafunga midomo waandishi", mshukie hapohapo, hajasoma.

Lakini Wamagharibi hawakuishia kwenye ripoti, waliangalia nani anaishangilia, na waliokuwa wanashangilia wengi walikuwa na gazeti moja na redio moja nyumbani kwao. Mwaka 1981 mashirika ya uhuru wa habari yakakutana Talloires, Ufaransa, yakatoa tamko kali kupinga mpangilio wowote wa kuiweka habari chini ya dola. Desemba 1983 serikali ya Reagan ikatoa notisi, na mwisho wa 1984 Marekani ikatoka UNESCO. Uingereza ikafuata mwisho wa 1985, na Singapore nayo ikatoka, sababu zake nyingine kabisa. Marekani peke yake ilikuwa inalipa robo ya bajeti, yaani ni sawa na mjomba aliyebeba robo ya mchango wa harusi anaondoka siku ya kikao cha mwisho na hela yake mfukoni, harusi itafanyika ila ngoma itakuwa ndogo.

Na usidanganywe kwamba walitoka kwa ajili ya habari tu. Walilalamikia pia bajeti inayovimba, uendeshaji, na siasa za Israeli. Jaji mwenye akili atakuuliza hilo, uwe tayari.

Baada ya hapo UNESCO ikabadilika, chini ya Mkurugenzi Mkuu mpya Federico Mayor ikaacha kabisa lugha ya mpangilio mpya, na 1991 likatoka Azimio la Windhoek, Namibia, la vyombo vya habari huru na vya aina nyingi, waandishi wa Afrika wenyewe wakiwa ndo wanasema wamechoka na redio ya serikali peke yake. Ndo maana Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari ni Mei 3. Uingereza ikarudi 1997, Marekani 2003, ikaacha kulipa 2011 baada ya Palestina kuingia, ikatoka rasmi mwisho wa 2018, ikarudi 2023, na Julai 2025 ikatangaza inatoka tena kuanzia Desemba 2026. Mwenyewe hesabu. Hii ni hoja nzuri kwa upande wowote, ukiwa wa serikali unasema "tatizo ni mkubwa anayesusa", ukiwa wa wadau unasema "meza gani hii inayoyumba kila mtu mmoja akinyanyuka".

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndo upande wa serikali unaumia zaidi. Mwaka huohuo wa 1976 ambao Nairobi wanabishana, sisi tulianzisha SHIHATA, Shirika la Habari Tanzania. Wazo lilikuwa zuri, tuandike habari zetu wenyewe. Ila redio ilikuwa RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam ya serikali, basi, na televisheni Tanzania Bara hatukuwa nayo kabisa mpaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu miaka ya 70. Mzee wa Uyole aliyekuwa anataka kusikia kinachoendelea nchini kwake bila kupitia kwa serikali alikuwa anazungusha kitufe mpaka BBC Idhaa ya Kiswahili. Yaani tulikuwa tunadai uwiano nje, ndani hakuna. Hiyo ni hoja ngumu kuijibu na mimi nikiwa jaji ningempa maksi nyingi atakayeitumia bila kebehi.

Bila kebehi, nasema, kwa sababu kuna upande wa pili wa sarafu hiyohiyo. Redio hiyohiyo ya serikali ndo iliwapa nafasi wapigania uhuru, ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, walikuwa na Radio Freedom inarushwa kutoka Dar, na Lusaka na kwingine, kuelekea kwa Makaburu. Hakuna mwekezaji wa soko huria ambaye angetoa mitambo yake kwa kazi hiyo. Serikali ilitoa. Ukiwa upande wa serikali, shika hapo usiachie.

Satelaiti

Hii wengi wanairuka na sielewi kwanini, manake kwa watu wa mpakani kama sisi ndo tamu kuliko zote.

Mwaka 1972 Baraza Kuu lilipiga kura kuhusu televisheni inayorushwa moja kwa moja kutoka satelaiti mpaka kwenye nyumba ya mtu nchi nyingine. Nchi nyingi zikataka kanuni, kwamba huwezi kurusha kwangu bila kuniuliza. Kura 102 zikasema ndio, hapana ilikuwa moja tu, Marekani. Mwaka 1982 likapita azimio lenye kanuni zenyewe, Wamagharibi wakiwa wamepinga. Na 1976 nchi nane za ikweta, Kenya na Uganda zikiwemo, zilitangaza Bogotá kwamba ile njia ya satelaiti iliyo juu ya ikweta ni mali yao, ni sehemu ya ardhi yao. Hawakukubaliwa, ila ubishi wao uliwalazimisha wakubwa kukaa ITU wazungumzie nafasi za angani kwa nchi ambazo hazijarusha chochote bado.

Mnasema ni historia? Haya. Mwaka 2023 Malawi na Zambia walifungua milango kwa Starlink, intaneti ya satelaiti ya kampuni ya Marekani, sisi tukawa bado. Simama Tunduma au Kasumulu, satelaiti inapita juu ya kichwa chako na cha jirani yako, mbingu ni moja, yeye akaruhusiwa kuipata wewe hukuruhusiwa. Hilo ndo swali la 1972 lenyewe: ruhusa ni ya nani, ya mwenye satelaiti, ya serikali ya chini yake, au ya mtu aliyeshika sahani? Upande wa serikali watajibu kwamba bila ruhusa ya nchi kampuni moja ya nje itashika mawasiliano ya taifa na siku mwenye kampuni akiamka vibaya anazima. Upande wa wadau watajibu kwamba mkulima wa kijijini Ileje asubiri mpaka lini. Mimi kwenye hili naona serikali ina hoja, ila ina hoja kama inatumia ruhusa hiyo kujadiliana, sio kukalia tu.

Na ving'amuzi je, mnakumbuka? Mwaka 2013 Mbeya tulizimiwa analojia, kila nyumba inatafuta hela ya king'amuzi, wengine wakaona ni mradi wa mtu. Uamuzi ulitoka Geneva 2006, kwenye mkutano wa ITU, nchi za Ulaya, Afrika na sehemu ya Asia zilikubaliana analojia ikome kulindwa Juni 17, 2015, na Tanzania tukawahi. Faida ni kwamba masafa yalifunguka kwa ajili ya intaneti ya simu. Hasara ni kwamba bibi wa Rungwe hakuulizwa na mtu. Mfano huu mmoja unafaa pande zote mbili, jifunze kuugeuza.

Dubai 2012

Kama una dakika mbili tu za kusoma, soma hii, kwa sababu ndo siku meza mbili ziligongana waziwazi.

ITU iliitisha mkutano Dubai Desemba 2012 kufumua upya kanuni za mawasiliano ya simu za kimataifa, zile za zamani zilikuwa za 1988. Katibu Mkuu alikuwa Hamadoun Touré wa Mali. Urusi, China na nchi za Kiarabu walitaka intaneti iguswe. Kampuni za simu za Ulaya nazo zilikuwa na lao, zilitaka wenye tovuti kubwa walipe kwa data wanayosukuma kwenye nyaya za wengine, na nchi za Afrika kadhaa zikaona hapa kuna hela. Marekani, Ulaya na wengine wakasema neno intaneti lisiingie kabisa. Usiku mmoja mwenyekiti akaomba watu wanyanyue mabango ili apime ukumbi unaelekea wapi, akatangaza azimio linalohusu intaneti limepata wengi, watu wakashtuka, kwani tumepiga kura au tumepima joto? Mwisho wa mkutano nchi 89 zilisaini, 55 hazikusaini pale. Tanzania ilisaini. Kenya haikusaini.

Hapo kwa Kenya na Tanzania pana chakula kingi. Nchi mbili jirani, lugha moja, soko moja, tunatumia nyaya zilezile za baharini, moja imekaa huku moja kule. Ukiweza kueleza hilo bila kusema "Kenya wanafuata Wazungu" au "Tanzania wanapenda kudhibiti", umeshinda nusu ya mdahalo. Mimi naona jibu liko kwenye nani alikuwa ndani ya ujumbe na nani alikuwa na sauti nyumbani, Nairobi kulikuwa na kundi la watu wa teknolojia wanaobishana na serikali yao miaka mingi na mwaka mmoja kabla walikuwa wenyeji wa IGF.

Meza ya wadau nayo ina madonda yake

Hadi hapa inaonekana kama naipendelea. Ngoja.

Kwanza, hiyo meza ya "wote" ilikuwa na mkataba na Wizara ya Biashara ya Marekani mpaka Oktoba 1, 2016. Yaani kwa miaka 18 mnaambiwa hii ni ya dunia nzima, karatasi iko Washington. Kwenye mkutano mkuu wa habari na teknolojia wa Geneva 2003 na Tunis 2005 nchi nyingi zililalamikia hilo, wakatoka na IGF tu, kama nilivyosema. Ilibidi Edward Snowden afichue 2013 jinsi Marekani inavyochungulia mawasiliano ya watu, Brazil ikasirike, kiitishwe kikao cha São Paulo cha 2014, ndo kamba ikaanza kulegezwa.

Pili, .amazon. Brazil na Peru walisema hilo ni jina la mto na msitu wetu, kampuni ya kuuza vitu mtandaoni ikasema ni jina la biashara yangu. Kamati ya serikali ndani ya ICANN ilishauri kampuni isipewe. Miaka ikapita, 2019 bodi ikaamua kampuni iendelee. Tafsiri unayoijua.

Tatu, .africa. Jina la bara letu. Waombaji wawili, mmoja wa Afrika Kusini mwenye baraka za Umoja wa Afrika, mwingine DotConnectAfrica, wakavutana mpaka kesi ikasikilizwa mahakamani Los Angeles, na jina lilianza kazi 2017. Niambie ungekuwa upande wa serikali ungeacha kuitumia hiyo. Jaji wa California anaamua jina la Afrika! Hata mimi nikiisoma damu inachemka.

Alafu kuna la kawaida tu ambalo halisemwi. Kwenye meza ya wadau unakaribishwa, lakini nauli ni yako, viza ni yako, Kiingereza ni chako. Kijana wa redio ya jamii ya Kyela anaweza kujiunga mtandaoni, ndio, kama bando lipo na kama kikao sio saa tisa usiku. Mwanasheria wa kampuni kubwa yeye analipwa mshahara kukaa hapo mwaka mzima. Wote ni wadau.

Na Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, nchi nzima ikakohoa, mkongo wa taifa unaopita hapa Mbeya kwenda Zambia na Malawi upo salama salimini lakini kwa nje umekauka. Hakuna meza yoyote kati ya hizi mbili iliyokuwa na jibu la siku hiyo. Nyaya ni za wenye hela.

Sasa ipi uchague

Kama kwenye timu yenu mna mtu wa historia, anayeweza kusimulia MacBride na Radio Freedom bila kusoma karatasi, meza ya serikali inawafaa, kwa sababu nguvu yake iko kwenye malalamiko ya haki ambayo hayajajibiwa toka 1976. Na kwenye masafa haina mpinzani. Kituo cha redio cha Kyela na cha Karonga, Malawi, visikanyagane hewani ni kazi ya serikali kukaa chini na kuandikishana, na mahali pa kuandikishana ni ITU. Jaribu kuwaachia hilo wadau uone redio zitakavyokuwa.

Kama timu yenu ina mtu wa teknolojia au mwandishi, nendeni meza ya wadau, ila mkijua mtapigwa .africa usoni.

Mimi? Kwenye masafa na satelaiti nakaa na serikali. Kwenye kilichomo ndani, yaani nani aseme nini na nani asome nini, siwapi serikali ufunguo hata kama zimekaa 190 kwa pamoja. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikachukua siku kadhaa kurudi. Watu wa Mwanjelwa na Kihesa walikaa hawajui ndugu zao wako wapi. Haikuzimwa na AP wala Reuters wala ICANN. Kwahiyo mtu akiniambia dawa ya ukubwa wa kampuni za nje ni kuongeza nguvu ya kila serikali juu ya mawasiliano, namuuliza tu swichi ya siku ile ilikuwa mkononi mwa nani.

Ndo maana kwa mada ilivyoandikwa, yote kwa pamoja, chukua meza ya wadau. Ila ingia na malalamiko ya Masmoudi mfukoni uyaseme wewe kabla mpinzani hajayasema, na ukubali kwenye sentensi yako ya kwanza kwamba masafa unawaachia serikali. Ukikubali hilo mapema unawaondolea hoja yao nzuri kuliko zote na wanabaki kutetea mkataba wa uhalifu wa mtandao. Huo ulianzishwa na Urusi, Baraza Kuu likaupitisha Desemba 24, 2024, ukafunguliwa kusainiwa Hanoi Oktoba 2025, na watetezi wa haki pamoja na kampuni za teknolojia, watu ambao huwa hawakubaliani hata saa ya chai, wote waliupinga. Waache wahangaike nao.

Kitu cha mwisho ni cha kiufundi. Wapinzani wakitaja uchaguzi wa Katibu Mkuu wa ITU, Bucharest 2022, Mmarekani Doreen Bogdan-Martin alimshinda Mrusi Rashid Ismailov kura 139 kwa 25, watasema "mnaona, serikali zikipiga kura uhuru unashinda". Mjibu hivi: wanaopiga kura ni nchi zilezile, na 89 kati yao zilisaini Dubai miaka kumi nyuma, kura iligeuka na mkataba wa Dubai haujaguswa. Alafu kaa chini, usiongeze neno, dakika zako zilizobaki mwachie msemaji wa pili.